Kidonda Kilichoachwa Wazi

Wauguzi wenzake walimpa jina la Mama Bahasha, na jina lenyewe halikumkera. Kwa karibu mwaka mzima ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kabati la chuma lililokuwa kwenye chumba cha kamera pale hospitali, na ndani ya kabati hilo zilipangwa bahasha mia moja nyeupe, kila moja na namba yake. Hakuna aliyezigusa ila yeye. Hata Daktari, mwanamke aliyekuwa mkuu wa chumba na ambaye ulimi wake ulimpatia jina la Wembe, alinyoosha mkono akasubiri kupewa kama mtu mwingine yeyote.

Kazi yao ilikuwa hivi. Watu waliletwa wakiwa na vinyama vilivyoota ndani ya utumbo mpana, vingine vikubwa kama ndimu. Badala ya kupasuliwa tumbo, waliingizwa mpira mwembamba wenye kamera kupitia njia ya haja kubwa. Daktari akishakiona kinyama kwenye kioo, hukidunga maji kwa chini kikainuka kama lengelenge, kisha hukinasa kwa kitanzi cha waya na kukikata kwa umeme, kipande baada ya kipande. Mgonjwa huamka hana mshono hata mmoja. Huvaa viatu vyake akauliza, "Ndiyo hivyo tu?"

Lakini haikuwa hivyo tu. Pale kinyama kilipotoka hubaki kidonda kipana na kibichi, mahali ambapo bandeji haifiki na jicho halioni. Mtu hurudi kwake anapiga soga, halafu siku ya tano au ya sita kigaga kinabanduka na damu inaanza kumwagika. Wengi damu hukatika yenyewe. Wengine huwahiwa. Wengine hawawahiwi.

Kwa sababu hiyo Daktari alianzisha utafiti. Ilikuwepo jeli iliyomiminwa juu ya kidonda ikaganda kama ngozi ya pili. Baadhi ya madaktari waliisifu, wengine waliicheka wakisema ni urembo mtupu. Ili ijulikane ukweli, wagonjwa mia moja wangegawanywa kwa bahati nasibu: nusu wafunikwe kwa jeli, nusu waachwe kama zamani. Kila mgonjwa alielezwa na kutia sahihi. Kinyama kikishatoka ndipo bahasha ya zamu yake ilifunguliwa, na ndani mlikuwa na kadi yenye neno moja au mawili: FUNIKA, au ACHA WAZI. Baada ya hapo Mama Bahasha aliwapigia simu siku ya kwanza, ya tatu, ya saba na ya kumi na nne, akiuliza maswali yale yale kwa sauti ile ile. Umeona damu? Tumbo linauma? Umekula nini? Aliipenda kazi hiyo kuliko kitu kingine chochote alichokuwa nacho.

Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva. Alikuwa amekaa kiti cha abiria kwa miaka thelathini, akiwafokea wanafunzi, na mguu wake wa kulia ulikuwa umezoea kukanyaga sakafu kutafuta breki isiyokuwepo. Nyumbani pia alifundisha. Mkewe akikaanga kitunguu, yeye alisema kutoka sebuleni, "Punguza moto, kona hiyo mbele." Hapo mwanzo, miaka ishirini na sita iliyopita, maneno kama hayo yalimchekesha.

Alificha ugonjwa wake miezi miwili. Mkewe ndiye aliyeugundua, siku anafua, alipoona damu kwenye nguo ya ndani. Akamburuta hadi hospitali, akapigwa kamera, na upande wa kulia wa utumbo pakaonekana kinyama kikubwa kimejilaza kama uyoga. Hakikuwa kansa bado, ila kilikuwa njiani.

"Kitatoka," Daktari alimwambia Mama Bahasha ukumbini. "Akitaka kuingia kwenye utafiti, sawa. Asipotaka, tutamtibu kama kawaida na kidonda tutakiacha. Ila siku hiyo chumbani usikanyage. Sitaki mke wa mtu ananihemea shingoni."

Daktari akaona hilo linatosha. Ufunguo hakuuchukua.

Jioni hiyo mumewe aliweka kijiko chini.

"Kwa hiyo kwenye kabati lenu kuna bahasha yangu."

"Ipo."

"Na ufunguo unao wewe."

"Ninao."

"Sasa shida iko wapi?"

"Shida ni kwamba si yangu kuichagua. Na hatujui kama jeli inasaidia. Tungejua tusingetafiti."

"Sikuulizi wanavyojua wao. Wewe unayepiga simu, unaonaje?"

Hapo angeweza kusema hajui, na ingekuwa kweli. Hata Daktari hakuruhusiwa kuhesabu mpaka bahasha ya mwisho ifunguliwe. Lakini masikio yake yalikuwa yamekwisha kuhesabu kwa siri. Ilionekana kwake kwamba waliofunikwa walipokea simu upesi wakicheka, na kwamba simu zilizoita mpaka zikakatika zilikuwa za wale wa kuachwa wazi. Au ndivyo alivyokumbuka.

"Nahisi inasaidia," akasema.

Tangu hapo hakupata amani. Mumewe hakugombana naye. Alimnyamazia tu, akila nusu sahani na kuisukuma mbali, akishika tumbo kila mkewe alipopita. Siku ya tatu dada yake alipiga simu. "Wifi," akasema kwa sauti ya asali, "hivi mtu akiwa na mwavuli mkononi, atamtazama mumewe analowa?" Siku ya tano mumewe alisema, akiwa anatazama ukuta, "Ungekuwa umenizalia hata mtoto mmoja, leo angekuwepo wa kunihurumia."

Hilo alikuwa hajawahi kulitamka. Walikuwa wamelizunguka miaka yote kama watu wanaozunguka shimo barabarani, na sasa aliliendesha gari lake moja kwa moja mle ndani. Mama Bahasha aliosha vyombo vyote, akavikausha, kisha akaviosha tena.

Jumatatu alasiri, wenzake walipokwenda kwenye mkutano wa idara, alitoa bahasha mbili kabatini akajifungia nazo chumba cha chai. Bahasha ya sitini na moja ilikuwa ya mumewe, ya kwanza Jumanne. Ya sitini na mbili ilikuwa ya mtu mwingine, ambaye kwake alikuwa jina tu kwenye orodha. Aliiinua ya kwanza mbele ya taa, na kwa sababu karatasi yenyewe ilikuwa nyepesi, herufi zilijitokeza kama mishipa mkononi: ACHA WAZI. Akainua ya pili. FUNIKA.

Birika lilikuwa linachemka. Gundi ya bahasha haikupinga hata kidogo, ililegea kwenye mvuke kana kwamba ilikuwa ikisubiri kuombwa. Alibadilisha kadi, akafunga, akazipiga pasi kwa chini ya kikombe cha moto. Kazi yote haikumaliza hata muda wa kunywa chai.

Jumanne asubuhi wanaume wawili walikaa kwenye benchi la kusubiri, wamevaa magauni ya hospitali yaliyo wazi mgongoni. Mmoja alikuwa mwalimu wa udereva. Wa pili alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mashavu yamelegea kwa kazi ya miaka mingi. Alipiga tarumbeta kwenye bendi ya harusi na mazishi, na hakuna aliyemwita kwa jina lingine zaidi ya Tarumbeta.

"Kaka," alikuwa akimwambia mwenzake, "maisha yangu yote napuliza kwa juu. Leo wanakuja kunipuliza kwa chini."

Benchi zima lilicheka, hata mlinzi wa mlangoni.

"Na wewe umo kwenye ile bahati nasibu yao?" Tarumbeta akauliza.

"Nimo."

"Mwenzio bahati siijui. Hata nikicheza karata na watoto nafungwa."

Mumewe Mama Bahasha akampigapiga begani. "Mwombe Mungu tu, kaka," akasema. "Yeye ndiye mgawaji."

Mama Bahasha alikuwa akipita na mafaili. Aliyasikia hayo, akaendelea kutembea.

Mambo yalikwenda kama yalivyopangwa. Kinyama cha mumewe kilitoka kwa saa moja na nusu, bahasha ikafunguliwa, jeli ikamiminwa. Kisha akaingia Tarumbeta. Zamu hii Mama Bahasha alikuwemo chumbani, na ndiye aliyeifungua bahasha ya sitini na mbili kwa mikono yake mwenyewe na kuisoma kwa sauti. Daktari akatikisa kichwa, akachomoa kamera. Kwenye kioo, kabla ya picha kuzimika, kidonda kilionekana kipana kama kiganja cha mtoto, chekundu, kinang'aa.

Tarumbeta alipozinduka, Mama Bahasha alimpa masharti. Wiki mbili asibebe mzigo, ale vyakula laini, asiende mbali na hospitali. "Na tarumbeta usiiguse kabisa, mzee. Ukipuliza unakaza tumbo."

"Wiki mbili? Dada, itanisahau."

Simu ya siku ya kwanza alicheka. Ya siku ya tatu alicheka. Asubuhi ya siku ya sita teksi ilisimama mbele ya mlango wa dharura, na mkewe, mpishi wa shule mwenye mikono mipana, akashuka akipiga mayowe. Kiti cha nyuma kilikuwa kimelowa. Tarumbeta alikuwa wa rangi ya jivu, na bado alijaribu kumwomba dereva msamaha kwa kuchafua gari.

Daktari aliingiza kamera tena. Kioo kilionyesha wekundu tu, hakuna juu wala chini. Alijaribu vibanio vya chuma, cha kwanza kikateleza, cha pili kikateleza, cha tatu kikashika kisha kikaachia. Alikuwa akitukana kwa sauti ya chini, matusi ambayo wauguzi hawakuwahi kuyasikia hata kwa mdomo wake. Mwishowe akasema, "Mpelekeni upasuaji," na madaktari wa huko wakampasua, wakakata kipande cha utumbo, wakautoa mwisho wake nje kupitia ubavu wa tumbo na kuufunika kwa mfuko wa plastiki wa kupokea choo.

Alipona, kama hiyo ni kupona.

Siku ya nne baada ya upasuaji Daktari alisimama kando ya kitanda chake na faili mkononi. Mkewe alikuwepo, ameshika chupa ya uji. Mama Bahasha alikuwa anabadilisha dripu.

"Nikuulize kitu na unijibu ukweli," Daktari alisema. "Ulipuliza?"

Tarumbeta alitazama dari. "Siku ya nne. Pumzi moja tu, Daktari. Nilitaka kusikia kama bado ipo."

Daktari akaandika. Mama Bahasha, aliyekuwa amesimama upande wa kichwani, aliweza kuyasoma maneno: *Mgonjwa hakufuata masharti.*

Kitu kikamlegea kifuani mwake, kama mtu aliyetua mzigo. Aibu ilikuja baadaye, ila unafuu ulitangulia, na yeye mwenyewe alijua kwamba ulitangulia.

Mkewe Tarumbeta aliweka chupa chini polepole. "Ulipuliza?" akasema. "Uliambiwa, ukapuliza? Kwa hiyo umejiua mwenyewe kwa bati!" Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. Kabla jua halijatua wodi nzima ilikuwa na habari, na baada ya wiki mtaa wao mzima pia.

Mama Bahasha aliomba mwenyewe awe anakwenda nyumbani kwao kila Jumatano kumfundisha kuubadilisha mfuko. Wakuu wake wakamsifu kwa moyo huo. Alimwonyesha jinsi ya kukata tundu la gundi lisiwe kubwa wala dogo, jinsi ya kuosha ngozi kwa maji ya vuguvugu, jinsi ya kujua kwamba umejaa kabla haujavuja. Tarumbeta alikuwa mwanafunzi mwepesi. Mikono yake ilikuwa imezoea vitu vidogo.

Mkewe ndiye hakuwa mwepesi. Alikuwa amempenda mtu huyu, jambo hilo lilionekana, na mapenzi yenyewe ndiyo yaliyoligeuza neno lake kuwa kisu. Alimwekea sahani yake karibu na mlango, mbali na za wengine. Mfuko ulipotoa sauti, kama ifanyavyo mifuko hiyo, alisema, "Sikieni, bendi imeanza." Mara ya kwanza Tarumbeta alicheka naye. Mara ya pili alitabasamu. Baadaye akawa anauweka mkono juu ya shati, anaubana, akitumaini utanyamaza. Wenzake wa bendi walikuja kumwona mara moja, wakasimama karibu na dirisha muda wote, na mwezi uliofuata wakachukua mpulizaji mwingine.

Huku kwake Mama Bahasha, mumewe alinenepa. Alirudi kazini baada ya wiki mbili, akirudisha na sauti yake yote. Siku moja wakiwa mezani, mkewe alitaja kwamba ametoka kumwona mgonjwa wa mfuko.

"Yule mpuliza?" mumewe akasema huku akichambua samaki. "Mpumbavu kweli. Mtu unaambiwa usipulize, unapuliza. Wanafunzi wa aina hiyo ninao."

"Kadi iliyomwacha wazi ilikuwa yako."

"Kadi gani?"

"Unaijua kadi gani."

Mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu chini ya meza. Alitoa mwiba mdomoni, akauweka ukingoni mwa sahani, akautazama.

"Mimi sikukuomba," akasema.

Mkewe alimkodolea macho. Alitafuta katika kumbukumbu sentensi ile, neno la ombi, na hakuliona. Ni kweli hakuomba. Alikuwa amekaa kiti cha pili kama kawaida yake, akimwachia mwingine usukani.

"Na usilirudie neno hilo humu ndani," mumewe akaongeza. "Nipitishie chumvi."

Alivumilia miezi minne. Angeweza kuvumilia zaidi, maana binadamu huzoea, lakini ikaja Jumatano moja asubuhi. Alimkuta Tarumbeta amepiga magoti sakafuni na kitambaa, anafuta. Mfuko ulikuwa umevuja hadi kwenye godoro. Ukutani, kwenye msumari wa tarumbeta, palikuwa patupu. Mkewe alikuwa ameitoa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

"Nisamehe, mke wangu," Tarumbeta alikuwa akisema bila kuinua kichwa. "Ilikuwa pumzi moja."

"Pumzi moja," mkewe akasema. "Pumzi moja imenifanya dobi wa choo chako mpaka nife. Mungu alikupa bahati ya kupona ukaipulizia mbali. Sikusamehe! Dada, mwambie. Wewe ni mtu wa hospitali. Mwambie kama kosa si lake."

Wote wawili wakamtazama. Mama Bahasha alifungua mdomo. Akasema, "Maji ya vuguvugu yako wapi?" Akamsaidia kufuta, akambadilishia mfuko, akaondoka. Njiani miguu yake haikumpeleka nyumbani. Ilimpeleka mpaka ofisi ya Daktari, na hapo akayasema yote akiwa amesimama, kuanzia taa mpaka birika.

Daktari alimsikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, alivua miwani.

"Umebaki mwezi mmoja na nusu tumalize," akasema. "Mwezi mmoja na nusu." Kisha akaongeza, "Na mimi nimemwandikia yule mzee kwamba ni kosa lake."

"Daktari, nataka kujua kitu kimoja. Ningeiacha kadi yake, angepona?"

"Unaniuliza mimi?" Sauti ya Daktari ilikuwa tulivu, na utulivu huo ulikata kuliko kelele. "Wapo waliofunikwa wakatoka damu. Wapo walioachwa wazi wakapuliza, wakabeba magunia, wakapanda milima, hawakutoka hata tone. Labda ni kadi. Labda ni ile pumzi. Labda ni mshipa tu uliokuwa mahali pabaya. Sijui, na wewe hutajua mpaka unafukiwa. Ulitaka kumchagulia mtu, basi umechagua. Weka ufunguo mezani."

Akauweka.

"Yule mzee atapata barua," Daktari akasema.

"Nitamwambia mwenyewe kabla."

"Kwa faida ya nani?"

Jumamosi asubuhi alikwenda.

Aliwakuta wote wawili. Mkewe alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, Tarumbeta amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mahali pake. Mama Bahasha hakukaa. Aliwaambia kwa maneno mafupi, kama anavyosoma maswali ya simu. Mumewe alikuwa na bahasha ya sitini na moja. Yeye Tarumbeta alikuwa na ya sitini na mbili. Kadi ya FUNIKA ilikuwa yake. Aliihamisha yeye, kwa mvuke wa birika.

Mikono ya mkewe Tarumbeta ilisimama ndani ya mchele.

"Mumeo," Tarumbeta akasema hatimaye. "Ni yule kaka wa kwenye benchi?"

"Ndiye."

"Aliyeniambia nimwombe Mungu."

"Ndiye."

"Anaendeleaje?"

"Mzima."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea habari za ndugu wa mbali. Kisha akasema, "Umekuja humu Jumatano ngapi, dada? Kumi na tano? Kumi na sita? Umekaa hapo. Umenisikia namwomba mke wangu msamaha. Umenisikia kila Jumatano. Ulikuwa unanishika tumbo kwa mikono hiyo hiyo."

"Nisamehe, mzee."

"Damu ningekusamehe," Tarumbeta akasema. "Mtu na mumewe, naelewa, hata mimi pengine ningefanya. Lakini ungeniambia wiki ya pili tu. Wiki ya pili nilikuwa bado nina watu wa kuniamini. Toka."

Aligeuka kutoka, na hapo mkewe akainuka, ungo ukaanguka, mchele ukatawanyika sakafu nzima.

"Uliniacha nimwambie yale yote!" akapiga kelele. "Wewe mwanamke! Ulikaa ukanitazama nikimtafuna mume wangu, ukanitazama tu!" Alimshika kola ya gauni la kazi akamtikisa mpaka kitufe kikakatika, kisha akamwachia ghafla, akageuka nyuma. "Baba," akasema, "baba, umesikia? Si wewe. Umesikia? Si wewe."

Tarumbeta hakuinua kichwa. Alikuwa ameinama kuokota mchele, punje baada ya punje, mkono mmoja juu ya shati. Na Mama Bahasha, akiwa tayari nje, alimsikia akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nitakwenda kukaa kwa dada yangu. Wewe upumzike na huo udobi wa choo changu."

Akaenda kweli. Ukweli aliouleta Mama Bahasha haukumrudisha mtu kwa mkewe. Ulimwonyesha tu ni kwa urahisi gani aliuzwa.

Kamati ya watu watatu ilikaa wiki iliyofuata. Waliita na mashahidi. Mwalimu wa udereva alifika na shati lililopigwa pasi na mkewe, akaketi, akakunja nne.

"Mimi kazi yangu ni usukani," aliwaambia. "Mambo ya bahasha nitayajulia wapi? Alifanya mwenyewe. Mnawajua wanawake wakipenda." Akacheka kidogo, na mjumbe mmoja akacheka naye kabla hajajizuia.

Mama Bahasha aliulizwa kama ana la kuongeza. Akasema hana. Akafukuzwa kazi, na cheti chake kikafungiwa miaka miwili. Jioni alimkuta mumewe anasubiri chakula. Akachukua mfuko wa nguo, akahamia kwa shangazi yake, na mumewe hakumfuata. Alituma ujumbe mara moja, kuuliza iko wapi kadi yake ya kliniki.

Utafiti uliendelea mpaka bahasha ya mia. Hesabu ilipofungwa, Daktari aliziondoa ya sitini na moja na ya sitini na mbili kwa kuwa zilichezewa, kwa hiyo damu ya Tarumbeta haikuandikwa upande wowote. Kati ya tisini na nane waliobaki, watatu waliofunikwa walitoka damu, na tisa walioachwa wazi. Watu walipiga makofi. Tangu hapo kila kidonda kikubwa katika chumba kile kilifunikwa, na Daktari alipoanza utafiti mwingine, kadi zilitunzwa na karani wa jengo la pili, asiyemjua mgonjwa yeyote, na ilibidi apigiwe simu kinyama kikishatoka. Wauguzi wapya hawakuambiwa sababu. Walidhani ni ukali wa Wembe tu. Ni Daktari huyo huyo aliyelifuata faili la Tarumbeta kwenye ghala, akalikata kwa kalamu nyekundu neno lake kuhusu masharti, akatia sahihi pembeni. Lakini faili husomwa na madaktari, halisomwi na mtaa.

Miaka miwili ilipoisha Mama Bahasha alipata kazi ya kufunga vidonda katika zahanati ndogo ya upande mwingine wa mji. Vidonda vya magoti, vya majiko, vya viatu. Alivifunga vizuri, na kila mtu alimwita "Sista" tu.

Asubuhi moja alitumwa dawa kwenye famasi kubwa ya mjini. Palikuwa na foleni. Alisimama, akasogea, akasogea tena, na ndipo akamtambua mtu aliyekuwa mbele yake kwa mgongo, mrefu, shati limelala sawasawa upande wote. Walikuwa wamemrudishia utumbo ndani, alikuwa amekwisha kuzisikia habari hizo. Mashavu yake yalikuwa yamekauka.

Tarumbeta aligeuka kutazama saa ya ukutani, akamwona. Hakushtuka. Mbele yake alikuwa amebaki mtu mmoja tu kabla ya dirisha la dawa.

"Mzee," Mama Bahasha akasema, "u mzima?"

Alimtazama kwa muda, kama mtu anayetafuta sarufi ya lugha aliyoiacha zamani. Kisha akatoka kwenye foleni, akatembea polepole kuwapita watu wote waliosimama nyuma yake, akasimama mwisho kabisa, mgongo ukiwa ukutani, akaanza kusubiri upya.

"Anayefuata," muuza dawa akaita.

Mama Bahasha akasogea dirishani.